Zamu ya Kenge Kulalia Mayai

Hapo zamani za kale, kuku walipokuwa bado wana funguo za nyumba zao na wakiitana bwana na bibi, paliondokea jogoo mmoja, jina lake Mwinchande. Alikuwa na ua wa minyaa, jiko la uani, lundo la majivu la kuogea, na wake wawili wanene, Mwanahija na Mwatumu. Kaeni vizuri, wanangu. Hadithi hii ina usingizi mwingi ndani yake, na atakayesinzia kabla ya kuku sitamrudishia nilipofika.

Siku ya nyumba ile ilikuwa hivi. Alfajiri Mwinchande alipanda juu ya kinu kilichoinamishwa, akanyoosha shingo, akawika mara tatu, kisha akangoja aone kama kuna wa kumsifu. Wake zake walifungua mlango, wakafagia uwanja, wakakoroga pumba kwa maji kwenye kigae. Baada ya hapo wote walitoka kuchakura chini ya mihogo, parua, parua, parua. Mwinchande akiona mchwa aliita ko-ko-ko-ko, njooni mle, na wake zake wakaja mbio. Siku nyingine hapakuwa na mchwa wala nini, alitaka tu kukimbiliwa. Wao walijua, na walikimbia vilevile.

Jua likifika utosini, kazi zilikoma. Kuku walijilaza ubavu kwenye majivu, wakajimwagia kwa mabawa, fwaa, fwaa, polepole, mpaka mabawa yakachoka. Hewa ilitetemeka juu ya paa. Majani ya mihogo yalilegea. Kope za kuku hupanda kutoka chini kwenda juu, kama hamjui katazameni kesho, na kope hizo zilipanda taratibu mpaka uani pakawa kimya na kila mmoja akawa anaota mtama.

Saa hiyo ndiyo aliyokuja Kenge.

Kenge alikaa kwenye mawe ya mtoni. Alikuwa mrefu kupita mpini wa jembe, ana mkia wa kuvunja mfupa na kucha za kuchana mkeka. Fujo hakuwa nayo. Alipiga hodi, akaingia bila kungoja karibu, akaenda moja kwa moja kwenye viota, akameza mayai moja moja, gulup, gulup, akaacha moja. Si kwa huruma, msidanganyike. Kila mfugaji anajua kwamba kiota kikiachwa kitupu kuku huhama, lakini ukimbakizia yai moja atarudi kutaga palepale. Kenge naye alilijua hilo, na mwaka wa pili ulikuwa unakwisha pasipo kifaranga hata mmoja mle uani.

Mwinchande, saa sita ikikaribia, siku zote alikumbuka kuwa ana mtu wa kumwona upande wa pili wa ua. Mwanahija, aliyekuwa bi mkubwa, aliwatuliza wenzake kwa kusema heri nusu shari kuliko shari kamili. Kenge anakula mayai, alisema, lakini kuku wenyewe hawagusi. Basi wakazoea. Mtu huzoea hata mwiba ulio kwenye unyayo, akajifunza kutembea kwa kisigino.

Mwaka huo Mwinchande akaoa mke wa tatu kutoka kijiji cha ng'ambo ya mto. Aliletwa kwenye tenga, na tenga lilipofunguliwa wake wakubwa walichungulia mara mbili wakidhani hamna kitu. Alikuwa kishingo, shingo tupu haina unyoya, na mdogo kiasi kwamba Mwatumu aliuliza kama huyu ni mke au ni bawa la mke. Jina lake Siwatu.

Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, na Siwatu hakukosa yake. Alifungwa siku saba kwenye kigingi nyuma ya kuni, mpaka aizoee nyumba. Nyuma ya kuni hakufika mtu. Palikuwa na mtungi mkubwa uliopasuka ubavu, umelala juu ya makapi, na kamba yake ilifika hapo. Siwatu akaingia mtungini, akageukageuka, akapapenda, akataga.

Sasa, kuku anayetaga ana ada yake. Lazima atetee. Kwe-kwe-kwe-kweee, dunia yote ijue. Siwatu alimsikia Mwanahija akitetea yai lake asubuhi, na mchana akamwona Kenge akija moja kwa moja kwenye kiota hicho, akajua nani anayemwita mwizi. Yeye akafunga mdomo. Kutetea kulimkaba kooni, akakumeza. Mwanahija alipogundua alimkemea kwamba kuku asiyelitetea yai lake watu watasema kaliokota. Siwatu aliinamisha kichwa, akasema, "Nisamehe, bi mkubwa," na kesho yake akataga kimya tena.

Kamba ilipofunguliwa alikuwa na mayai saba. Yalipofika tisa akayalalia.

Niwaambie kwa nini. Kwao aliwahi kutotoa vifaranga sita, na asubuhi moja siafu wakapita. Hakuwa na mtu wa kumsimulia habari hiyo, na wala hakutaka. Lakini alipoyafunika mayai yale tisa, kifua kikakutana na joto lake mwenyewe, alijua kwamba hawa nao wakienda hatapata tena moyo wa kulalia yai maisha yake yote.

Alilala siku tatu. Siku ya tatu, adhuhuri, njaa na kiu vikamtoa mara moja tu, kama vinavyomtoa kila kuku anayeatamia. Alidonoa pumba, akanywa maji mafunda manne, akarudi mbio. Nyuma ya kuni akakuta mkia. Kichwa kilikuwa ndani ya mtungi.

Mwinchande hakuwapo, na wake wakubwa walikuwa majivuni wanaota. Hata wangekuwa macho wangefanya nini? Siwatu alitamani kupiga kelele. Badala yake alivuta pumzi na kusema kwa adabu, "Shikamoo, Mzee Kenge."

Mkia ukatulia. Kenge akatoa kichwa, yai moja likiwa kati ya taya zake. Katika ua ule hakuna aliyewahi kumwamkia. Akalitua yai chini ili aweze kuitikia, maana hata mwizi ana malezi yake. "Marahaba. Na wewe nani?"

"Siwatu, mke mdogo wa hapa. Kula tu, mzee wangu. Nasikitika kitu kimoja, kwamba unakula mlango na nyumba unaiacha."

Kenge akamtaka aeleze. Siwatu akasogea, akaeleza polepole, kwa sauti ile ya adhuhuri inayofanana na usingizi. Yai ni maji na ute, alisema, ukimeza sasa hivi, saa moja baadaye tumbo limesahau. Lakini mle ndani yupo kuku mzima, ana paja, ana kidari, ana firigisi. Hataki kitu ila joto. Mwezi ulikuwa umeandama jana yake. Utakapoandama tena, kila yai litakuwa mlo wa siku nzima.

Kenge hakuwa mjinga. Alimtazama kwa jicho moja, akauliza ni mama gani anayemwelekeza mwizi kwa wanawe.

 Siwatu akajibu uongo alioukanda pamoja na ukweli. "Ni mama aliyeshindwa. Kila adhuhuri njaa inanitoa hapa, mayai yanapoa, na yai lililopoa halina kuku wa maana. Wewe unashinda kwenye mawe tangu asubuhi, tumbo lako lina moto kuliko langu. Nishikie zamu ya adhuhuri, mzee. Tutagawana nusu kwa nusu."

"Nusu?" Kenge alicheka bila sauti. "Yote yangu. Wewe nitakubakizia moja."

Siwatu alilia, na hakuwa anaigiza. Halafu akakubali.

Basi Kenge akajikunja mtungini, mkia ukabaki nje. Siwatu akamwonyesha jinsi ya kulala bila kubana na jinsi ya kuyageuza mayai kwa kidevu, upande huu na upande ule. Akasimama pembeni, macho hayatoki kwenye zile taya. Jua liliwaka. Mbu wa mtungini aliimba kidogo akanyamaza. Mayai tisa yalikuwa na joto la kifua cha Siwatu bado, joto hilo likampanda Kenge tumboni, na Kenge, ambaye maisha yake yote hakuwahi kulalia kitu kingine zaidi ya jiwe, akasinzia.

Akaota kuku mmoja, mnono, anatembea mwenyewe kuja mdomoni.

Alasiri alipoamka alimsimulia Siwatu ndoto ile kwa furaha. Siwatu alisikiliza yote, kisha akauliza kitu kimoja tu: wale wengine wanane walikuwa wapi? Kenge akafikiri. Kesho yake aliwahi kufika, na akaota tisa.

Siku iliyofuata Siwatu akauliza kama katika wale tisa hakuna mitetea. Wapo, alisema Kenge, nadhani wapo. Na mitetea hiyo haitagi? Kenge akarudi mtoni akihesabu. Adhuhuri ya nne aliota mitetea imetaga, kila mmoja tisa, na mayai yamejaa nyumba mpaka dirishani. Adhuhuri ya saba alikuwa na ua wake mwenyewe. Adhuhuri ya kumi alikuwa amekaa barazani, wanyama wanapiga hodi, naye anawaambia wangoje. Kila ndoto ilikuwa kubwa kupita ya jana, na kila alasiri Siwatu aliongeza swali moja dogo.

Mnaona alivyokuwa akifanya? Hakumzuia kula. Alimfanya aone kwamba akimeza yai moja leo, anameza ukoo mzima ulioko ndotoni. Kenge akawa mpole kwa yale mayai kuliko mama. Alimfukuza nyoka aliyekuja kunusa. Alimrukia kunguru. Alilala amebana pumzi asije akayapasua.

Na kwa kuwa adhuhuri ilimkuta mtungini, viota vingine havikuguswa. Mwanahija aliyahesabu mayai yake kwa mara ya kwanza baada ya miaka miwili, akahesabu tena, akakaa chini. Mwinchande akaanza kushinda nyumbani mchana. Aliwaeleza wake zake kwamba Kenge amemwogopa, kwa sababu siku moja alimtazama vibaya. Wakampa pole kwa kazi nzito, wakaendelea kujimwagia majivu.

Mwanahija alikuwa na neno na mke mdogo. Alimvuta pembeni, akamwambia amemlaza mwizi kwenye kitanda cha wanawe, na siku wakitoka, wao ndio watakaokuwa kitoweo.

"Najua, bi mkubwa," alisema Siwatu. "Ila yeye anahesabu mwezi mzima. Sisi tunahesabu siku ishirini na moja."

 Tangu siku hiyo Mwanahija hakumwita mgeni tena.

Siku ya ishirini na moja ikafika. Alfajiri, kabla Mwinchande hajapanda kinuni, Siwatu alisikia chini ya kifua chake, tik. Kisha tik, tik. Mayai yalikuwa yanagongwa kwa ndani. Jua lilipopata joto, vifaranga wanane walikuwa nje, wamelowa, wanatikisa vichwa vizito. Siwatu alimwita Mwanahija. Mama yule mnene alikuja akihema, akawaona. Alifungua bawa tu. Wanane wakaingia chini yake, akaondoka nao hatua kwa hatua mpaka chini ya uchaga wa mahindi.

Mwatumu naye alitoa mchango wake. Alikuwa ameanza kuatamia mwezi huo, akachoka siku ya tano akaenda kuota jua, na mayai yake manane yalikuwa viza. Siwatu aliyasukuma kwa kidevu mpaka mtungini, moja baada ya jingine, akayapanga.

Yai la tisa lilibaki. Lilikuwa na kitobo, na ndani ya kitobo ncha ya mdomo, ikipumua. Kifaranga alikuwa amechoka. Kumsogeza kungemvunja, kumwacha wazi kungempoza. Siwatu alimlalia, akamsemesha, akamwomba. Toka mwanangu, alimwambia, toka haraka. Kifaranga mwenyewe alikuwa anapumzika tu.

Mchanga nyuma ya kuni ukachakachaka. Kenge alikuwa amewahi.

"Nipishe," alisema. "Nina usingizi wangu pale."

Angefanya nini? Siwatu alimpisha. Kenge akajikunja juu ya yale mayai manane yaliyooza na lile moja lenye uhai, akafumba macho. Punde akayafumbua.

"Siwatu. Hili moja linapiga teke."

"Hilo ni la jogoo," alisema Siwatu, na sauti yake haikutikisika, sijui aliitoa wapi. "Ndiye atakayewika jina lako asubuhi. Ukimgusa kabla ya mwezi kuandama, wote watageuka maji. Lala, mzee."

Kenge hakutaka wote wageuke maji. Akalala. Joto la saa sita likaushika ua wote, mihogo ikalegea, fwaa ya mwisho ikasikika majivuni, kukawa kimya. Siwatu alisimama akihesabu pumzi za Kenge.

Ganda la yai likaachia. Kifaranga wa tisa akatoka kati ya mikono miwili yenye kucha, ameloa, kichwa kinaning'inia. Mnajua kosa la vifaranga: anayeonwa wa kwanza ndiye mama. Huyu alimwona Kenge. Akajikokota juu ya mkono ule mkubwa, akajisukuma chini ya kidevu chake penye joto, akasema kwa nguvu zake zote, "Piii."

Siwatu aliita taratibu, ko, ko, ko. Kifaranga hakusogea. Alikuwa amefika.

Kenge akafungua jicho moja. Jicho likashuka chini polepole, likamwona. Mdomo wake ukaanza kufunguka wenyewe.

"Siwatu," alinong'ona, "huyu ni nini?"

 Siwatu alipiga hatua mbili, akaja karibu na zile taya kuliko kuku yeyote aliyewahi kuja, akainama, akanong'ona naye.

"Ni ndoto, mzee. Bado umelala. Fumba jicho usije ukaamka ukampoteza."

Kenge akasita. Siku kumi na nane, saa hiyo hiyo, mahali hapo hapo, alikuwa akiwaona vifaranga kama huyu, na kila alipotaka kuwashika aliamka mikono mitupu. Alimtazama yule mdogo chini ya kidevu chake. Alikuwa mzuri kuliko wote wa ndotoni. Kenge hakutaka kuamka.

Akafumba jicho, kwa hiari yake, akatulia.

Siwatu aliingiza shingo yake tupu chini ya kile kidevu, akamshika mwanawe kwa ncha ya mdomo, akarudi kinyumenyume. Alipofika uchagani alijilaza na mwanawe. Mwanahija aliwafunika wote wawili.

Baadaye Siwatu alirudi mara moja, Kenge angali usingizini, akaweka kokoto jeupe mahali pa yai la tisa. Kenge alilala juu ya hesabu hiyo siku kumi na moja nyingine. Alasiri alisimulia, na Siwatu aliuliza maswali yake kama kawaida, huku vifaranga wake tisa wakijifunza kukimbia chini ya uchaga na mbawa zao zikianza kutoa manyoya.

Mwezi ulipoandama, Kenge alikuja asubuhi, ameosha mdomo. Alimwamkia kila mtu. Akaingia mtungini, akachagua yai kubwa, akalitia katikati ya taya, akauma.

Pwaa!

Harufu ilipanda mpaka juu ya paa. Kenge alitema, akafuta ulimi kwenye makapi, akasema hili bahati mbaya, akauma la pili. Pwaa. Akauma la tatu. Alikuwa amewaota kwa muda mrefu, hakuweza kukubali. Akayapasua yote manane akitafuta paja, na alipofika kwenye la tisa, akavunja jino. Akatoka mle mtungini amelowa uozo, anatapika, akapita katikati ya uwanja mbele ya kuku wote waliosimama wakimtazama. Mama na wanawe tisa walikuwa wazi mchana kweupe. Akamwona Siwatu. Akafungua mdomo aseme kitu, lakini tumbo likamgeuka tena, akakimbilia mtoni.

Tangu siku hiyo hata yai bichi la leo lilimtia kichefuchefu, na nyumba ya Mwinchande ikajaa vifaranga mpaka hapakuwa na pa kukanyaga. Nami nainama kuokota neno la hadithi, nikalale: mwenye kushiba ndotoni huamka na njaa yake.